Sura ya Saba: Maziwa ya Nani, kwa Nani

Ndama anapodondoka zizini, mfugaji anayejua kazi yake hamwachi alale. Humfuta ute puani, humsimamisha kwa miguu inayotetemeka na kumsogeza kwenye kiwele hata kama mama yake bado anahema. Kinachotoka hapo si maziwa ya kutia kwenye chai. Ni dang'a: maziwa mazito ya manjano, yanayonata vidoleni, na yakipashwa moto huganda mabonge. Ndama wa kilo 35 anatakiwa apate kama lita 3 na nusu za maziwa hayo ndani ya saa chache za mwanzo. Akiyakosa, hata kesho yake akinyonya mpaka ashibe, kuhara au nimonia ya wiki za mwanzo inaweza kumwondoa.

Sababu iko kwenye kondo la nyuma. Kwa ng'ombe, ukuta unaotenganisha damu ya mama na damu ya mtoto ni mnene kiasi kwamba kingamwili, zile protini zinazomtambua adui na kumshika, hazipenyi. Ndama huzaliwa damu yake ikiwa karibu haina kinga yoyote. Mama humfidia kwa kiwele: lita moja ya dang'a nzuri ina gramu 50 za kingamwili au zaidi, ilhali wiki chache baadaye lita ya maziwa ya ng'ombe huyohuyo kwa kawaida haifikishi hata gramu 1. Na utumbo wa ndama huziruhusu protini hizo zipite nzimanzima kuingia kwenye damu kwa muda wa siku moja hivi, basi. Baada ya hapo zinameng'enywa sawa na chakula kingine.

Nimeanza na ndama kwa makusudi. Unga wa dang'a, vidonge vya lakitoferini na makopo ya protini ya "kuongeza kinga", yanayotangazwa madukani na kwenye simu zetu hasa tangu enzi za UVIKO-19, yote yanaishi kwa sifa za ndama huyu. Mnunuzi anaambiwa, kwa maneno au kwa picha, kwamba kilichomwokoa ndama kitamwokoa na yeye kwenye mafua na virusi vya kila namna. Kopo halimwambii protini hiyo ilitengenezwa na nani, ikikusudiwa nani, wala inafanya kazi sehemu gani ya mwili. Ukiyajua hayo matatu, tangazo lolote la maziwa utalisoma kwa jicho jingine.

Jaribio la kwanza la maana katika jambo hili ni la Paul Ehrlich, Mjerumani, mwaka 1892. Alitumia sumu mbili ambazo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zinatoka wapi: ya mbegu za mnyonyo, na ya zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi za mturituri. Aliwazoesha panya wa kike sumu hizo kidogokidogo mpaka zikashindwa kuwaua, na walipozaa akawabadilishia watoto. Waliozaliwa na mama mwenye kinga wakanyonyeshwa na asiye nayo, kinga yao ilififia upesi. Waliozaliwa na asiye na kinga wakanyonyeshwa na mwenye nayo, waliipata. Maziwa, kumbe, yalikuwa yakipitisha ulinzi kutoka kwa mwili mmoja hadi mwingine.

Binadamu hatuko sawa na ndama, wala na panya. Kondo letu hupitisha kingamwili, hasa katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, na mtoto aliyetimiza miezi yake hufika akiwa na akiba ya mama kwenye damu. Njiti huzaliwa kabla akiba hiyo haijajaa, na ndiyo maana atatajwa tena na tena hapa. Sasa kama kondo limekwisha kufanya kazi, maziwa ya mama yanaongeza nini? Jibu lilianza kuonekana mjini Göteborg, Sweden, mwaka 1961, Lars Åke Hanson alipoonyesha kuwa kingamwili iliyojaa kwenye maziwa ya mama si ileile iliyojaa kwenye damu yake. Ni IgA, iliyounganishwa mbilimbili na kuvikwa kipande cha protini kinachoizuia isimeng'enywe haraka. Haiendi kwenye damu ya mtoto. Inabaki kinywani, kooni na utumboni, ikivishika virusi kabla havijagusa ukuta. Ni ulinzi wa juu ya ngozi ya ndani, na hauingii zaidi ya hapo.

Ajabu yake ni namna inavyolengwa. Mama humeza na kuvuta pumzi yenye vimelea vya nyumba anayoishi, vya sokoni anakokwenda, vya mtoto mkubwa anayerudi na kamasi kutoka chekechea. Chembe za kinga zilizokutana na vimelea hivyo kwenye utumbo na mapafu ya mama husafiri hadi kwenye matiti na kuanza kutengenezea huko kingamwili za adui yuleyule. Mama wa Manzese na mama wa Oslo, kwa hiyo, hawatoi maziwa yaleyale, hata kama mafuta na sukari vinalingana. Mwaka 2020, wakati hospitali nyingine duniani zilikuwa bado zinawatenganisha akina mama wenye UVIKO-19 na watoto wao wachanga, watafiti wa Mount Sinai mjini New York walikuwa tayari wanaziona IgA za kirusi hicho kipya kwenye maziwa ya wanawake waliopona. Shirika la Afya Duniani lilishauri wanyonyeshe.

Ng'ombe naye ana maadui zake, na kingamwili zake ni za hao. Lakini ng'ombe anaweza kufundishwa. Mjini Adelaide, Australia, watafiti waliwachanja ng'ombe wajawazito kwa virusi vya rota vya binadamu, wakakusanya dang'a yao na kuwanywesha watoto waliolazwa hospitalini kwa magonjwa mengine. Rota ni kirusi cha kuhara kinachopenda sana wodi za watoto. Matokeo yalitoka mwaka 1989: kati ya watoto 55 waliopewa dang'a hiyo hakuna aliyeambukizwa, kati ya 65 ambao hawakupewa, waliambukizwa 9. Miaka 9 baadaye, nchini Bangladesh, watoto 80 waliokuwa tayari wanaharishwa na rota walipewa kingamwili za namna hiyo au unga usio na kitu, na waliopewa kingamwili walipata nafuu mapema zaidi.

Huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe inaweza kuzuia kirusi cha binadamu. Tazama ulivyotegemea masharti. Ng'ombe alichanjwa kwa kirusi kilekile. Kirusi kilikuwa cha utumboni, na maziwa hupita utumboni. Mnywaji alikuwa mtoto mdogo, naye alikunywa kila siku. Akiacha, ulinzi unakwisha. Haishangazi kwamba dawa hiyo haikufika kliniki zetu. Kilichofika ni chanjo ya matone, Tanzania Januari 2013 na Kenya Julai 2014, ambayo humfundisha mtoto kujitengenezea kingamwili zake mwenyewe. Na hapo maziwa ya mama yalifanya kituko. Wataalamu walishuku kwamba IgA ya mama ilikuwa inakamata hata kirusi dhaifu cha kwenye chanjo, kwa kuwa chanjo hiyo hufanya kazi vizuri zaidi Ulaya kuliko kwetu. Afrika Kusini, India na Pakistan walijaribu kuwazuia watoto wasinyonye kwa muda mfupi kabla na baada ya matone. Haikusaidia, watoto walilia bure, na wazo likaachwa.

Lakitoferini ndiyo yenye jina kubwa madukani. Ni protini yenye wekundu, kwa sababu hushika chuma. Wanasayansi wa Denmark waliigundua kwenye maziwa ya ng'ombe mwaka 1939 kwa rangi yake hiyo, na mwaka 1960 maabara tatu tofauti zikaitenga. Tunayo pia kwenye machozi, kwenye mate na ndani ya chembe nyeupe za damu. Dang'a ya mwanamke huwa na gramu 5 au zaidi kwa lita, na maziwa yake ya baadaye bado huwa na gramu 1 au 2. Ya ng'ombe yana kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Glasi ya maziwa unayokunywa asubuhi ina gramu 8 hivi za protini, na ndani yake lakitoferini ni sehemu ndogo mno.

Kwa bakteria, kazi yake inaeleweka kirahisi: inawanyang'anya chuma wanachohitaji ili kuzaana. Virusi havili chuma wala chochote kile, hivyo njia lazima iwe nyingine. Virusi vingi, ili viingie kwenye seli, huanza kwa kudaka nyuzi za sukari zinazoning'inia nje yake, ziitwazo heparani salfati, kama abiria anavyodaka bomba la mlango wa daladala kabla hajapata pa kukanyaga. Nyuzi hizo zina chaji hasi, lakitoferini ina chaji chanya. Inawahi na kulijaza bomba zima mikono yake. Kirusi kinabaki barabarani. Maabara imeonyesha hivyo kwa virusi vya hapesi, kwa sitomegalo, kwa VVU, kwa dengi, na mwaka 2011 watafiti wa China walionyesha hivyo kwa kirusi cha SARS cha mwaka 2003. UVIKO-19 ulipoingia, makala hiyo ya 2011 ilifufuliwa na kila mwenye kopo la kuuza.

Tatizo ni kwamba sahani ya maabara haina tumbo. Ukimeza lakitoferini, asidi na vimeng'enya vya mtu mzima huikatakata. Vipande vyake vingine bado vina nguvu kidogo, lakini kinachofika kwenye damu kikiwa kizima ni kidogo mno. Kirusi cha mafua kinazaana puani na mapafuni. Kati ya kijiko chako na kirusi hicho pana safari ambayo protini hiyo haikuumbwa kuisafiri. Mtoto mchanga, ambaye tumbo lake bado lina asidi kidogo na ambaye hunyonya mara 8 au 10 kwa siku, ndiye aliyekusudiwa.

Kwa hiyo ilikuwa busara kuijaribu kwa wachanga, tena wale dhaifu kabisa. Mwaka 2009 ilitoka taarifa ya Italia iliyowasisimua madaktari wa watoto duniani kote. Njiti 472 wenye uzito chini ya kilo 1 na nusu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliopewa miligramu 100 za lakitoferini ya ng'ombe kila siku, waliopata maambukizi ya damu walikuwa asilimia 5.9, kwa wasiopewa, asilimia 17.3. Tofauti ya mara tatu haionekani kila siku katika tiba. Uingereza wakaamua kurudia kwa kiwango kikubwa: hospitali 37, watoto 2,203. Majibu yalichapishwa mwaka 2019. Asilimia 29 upande mmoja, asilimia 31 upande wa pili, yaani kwa vitendo hakuna tofauti. Mwaka uliofuata Australia na New Zealand, kwa njiti 1,542, nao hawakupata faida waliyoitarajia. Na ieleweke kwamba majaribio haya yaliwinda bakteria na fangasi kuliko virusi. Anayeyataja leo kuuza kinga ya virusi anachanganya mambo mawili, na pengine anajua.

Lipo jaribio jingine ambalo mimi naliheshimu kuliko hayo yote. Lilifanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2013. Watoto 555 wa miezi 12 hadi 18, walioachishwa ziwa, walipewa nyumbani kwao gramu 1 ya lakitoferini kwa siku, au unga mtupu, kwa miezi 6. Mara walizoharisha zililingana pande zote mbili. Ila waliopewa lakitoferini, wakiharisha, waliharisha siku 4.8 badala ya 5.3. Nusu siku. Kwa mama anayefua nepi kwa maji ya kununua ndoo kwa ndoo, nusu siku si haba. Lakini haifanani hata kidogo na ile picha ya mtoto mnene aliyezungukwa na ngao ya mwanga.

Kwetu, hata hivyo, swali la maziwa na virusi halikuanza na makopo ya kinga. Lilianza na VVU, na liliwagawa madaktari kwa miaka 20.

Mwaka 1991, watafiti waliofanya kazi Kigali walithibitisha kwamba mama anayeambukizwa VVU baada ya kujifungua anaweza kumpa mtoto kirusi hicho kupitia maziwa. Ilikuwa habari mbaya katika eneo ambalo karibu kila mtoto hunyonya. Jibu lililoonekana la wazi lilikuwa kuwapa akina mama maziwa ya kopo. Profesa Ruth Nduati na wenzake wakalipima wazo hilo Nairobi, kwa wanawake waliokuwa na maji ya bomba yaliyotibiwa na waliofundishwa kuandaa maziwa. Taarifa yao ya mwaka 2000 ni mojawapo ya kurasa zenye uzito mkubwa katika historia ya afya ya Afrika Mashariki. Kufikia miezi 24, watoto walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa kwa asilimia 36.7, waliopewa kopo, asilimia 20.5. Kopo lilishinda. Kisha unageuza ukurasa na kutazama vifo: asilimia 24.4 kwa walionyonya, asilimia 20.0 kwa wa kopo, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikuhesabika kuwa tofauti. Kopo lilikuwa limewaepusha watoto wengi na kirusi kimoja, lakini pengo hilo kubwa la maambukizi halikuonekana kwenye vifo. Na huo ulikuwa mji wenye maji ya bomba.

Nje ya utafiti mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanamke aliyerudi nyumbani na mtoto na makopo alikutana na mama mkwe barazani. "Mwanangu, mbona humpi mtoto ziwa?" Ni swali la upendo, tena la mbele za watu, na jibu lake la kweli lingemfichua. Wengi walifanya ambalo mtu yeyote angefanya: mchana walinyonyesha, usiku wakachanganya kopo, na bibi akaongeza uji mwepesi na maji ya sukari ili mtoto asilie.

Huko Durban, Anna Coutsoudis na wenzake waliona kitu mwaka 1999 ambacho mwanzoni wengi walikikataa. Kati ya akina mama 549 wenye VVU, watoto walionyonya maziwa ya mama pekee, bila hata tone la maji, walikuwa wameambukizwa kwa asilimia 14.6 wakiwa na miezi 3. Wasionyonya kabisa, asilimia 18.8, hawa wakiwa wameambukizwa kabla au wakati wa kuzaliwa. Waliochanganyiwa, asilimia 24.1. Kilichokuwa hatari zaidi kilikuwa ule mchanganyiko, yale yaleyale yaliyokuwa yakifanyika barazani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maji na vyakula vya kigeni huuchubua na kuuvimbisha ukuta laini wa utumbo wa mtoto, na kirusi kinapata upenyo.

Jambo hili lina upande ambao haujazungumzwa vya kutosha. Mtoto anayenyonya hunywa zaidi ya lita 250 kwa mwaka. Kama maziwa hayo yana VVU, na mama hana dawa, ungetarajia watoto wote waambukizwe. Wengi hawakuambukizwa. Maziwa yaleyale yanayobeba kirusi yamebeba pia protini za kukipinga: IgA, lakitoferini, na nyingine ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliitambua mwaka 2013, iitwayo tenasini-C. Kabla ya hapo ilijulikana kwa kazi ya kuponya vidonda. Kumbe kwenye maziwa inakamata gamba la VVU na kukizuia kisiingie kwenye seli. Ulinzi huo haukutosha kumlinda kila mtoto, na hakuna mama anayepaswa kuachiwa bahati nasibu ya namna hiyo. Lakini bila huo, msiba pengine ungekuwa mkubwa zaidi.

Botswana ndiyo iliyotoa somo kwa machozi. Serikali ilikuwa ikigawa bure maziwa ya kopo kwa akina mama wenye VVU, kwa nia njema na kwa bajeti ambayo nchi nyingi zingeitamani. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, na kuhara kukalipuka nchi nzima. Wachunguzi walipopita wodini, watoto waliokuwa wamelazwa walikuwa karibu wote wasionyonya. Wengi walikufa, kutia ndani watoto ambao hawakuwa na VVU.

Kilichomaliza ubishi ni vidonge. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mama ameze ARV na anyonyeshe. Utafiti mkubwa uitwao PROMISE, uliohusisha vituo vya nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Tanzania na Uganda, pamoja na India, ulionyesha mwaka 2018 kwamba kwa dawa hizo maambukizi kupitia kunyonya yalikuwa asilimia 0.3 kwa miezi 6 na asilimia 0.6 kwa mwaka. Dawa ilifunga mlango mmoja. IgA na wenzake wakaendelea na rota, kuhara na nimonia.

Kwa watu wazima wenye VVU, Mwanza walijaribu njia yao. Mwaka 2004 kikundi cha wanawake cha Tukwamuane, Mabatini, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria rafiki kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Mtindi huo umewalisha watu na kuwapa wanawake kipato, mambo mawili ambayo mimi siyadharau. Lakini ulipopimwa kwa wagonjwa 112 wasiokuwa bado kwenye ARV, taarifa ikatoka mwaka 2011, kuongeza bakteria hao hakukupandisha hesabu ya chembe za kinga ziitwazo CD4 baada ya wiki 4. Chakula kizuri si dawa, na hakuna aibu katika hilo.

Na sehemu iliyobaki ya kazi ya maziwa dhidi ya virusi ni hiyohiyo: chakula. Kingamwili ni protini, na mwili usio na malighafi hauzitengenezi vya kutosha. Chembe zenyewe za kinga nazo hupungua. Surua ambayo mtoto aliyeshiba huugua wiki mbili na kupona, humuua aliye na kwashakoo. Wakati mwingine mtoto huyo hata homa hapandishi, kwa sababu mwili hauna nguvu ya kupandisha, na daktari asiye na uzoefu hudhani hana maambukizi.

Ungedhani basi mtoto wa namna hiyo, akifika wodini, ajazwe protini. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika zamani, na watoto walikufa mikononi mwa waliokuwa wanawalisha. Ini na figo vya mtoto aliyekonda kiasi hicho haviwezi kubeba mzigo. Maziwa ya tiba yanayotumika leo katika wodi za utapiamlo yana hatua mbili. Ya kwanza, F-75, yana gramu 0.9 tu za protini kwa kila mililita 100, karibu sawa na maziwa ya mama. Hutolewa kidogokidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, pamoja na dawa za maambukizi. Mtoto akirudiwa na hamu ya kula na uvimbe ukaanza kushuka, ndipo anahamishiwa F-100 yenye gramu 2.9. Muuguzi anayeamka saa 9 usiku kupima vikombe vya F-75 anafanya zaidi kwa kinga ya mwili kuliko rafu nzima ya virutubisho.

Kuhusu unga wa protini wanaokunywa wanaobeba vyuma gym, ule unaotokana na majimaji yanayobaki jibini ikiganda: una asidi amino iitwayo sisteini, ambayo mwili huitumia kutengeneza glutathioni, na kuanzia hapo watu wamejenga hoja ndefu za kinga. Kama unakula maharage, dagaa na yai, huna pengo la kuziba. Mgonjwa anayepungua uzito na asiyeweza kutafuna ni suala jingine, na huyo aongee na mtaalamu wa lishe.

Jikoni tuna jambo letu. Sehemu kubwa ya maziwa ya Afrika Mashariki huuzwa mabichi, kwa dumu, na sisi huyachemsha. Kuna kundi la watu, na mitandao imelipa kipaza sauti, linalosema kuchemsha kunaua kinga ya maziwa, tuyanywe mabichi. Nusu ya kwanza ni kweli: moto wa kuchemsha huharibu kingamwili na lakitoferini. Lakini hizo zilikuwa za ndama. Asidi amino hazipotei. Gramu 8 za glasi yako zinabaki gramu 8. Unachoua ni brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, na virusi ambavyo maziwa yenyewe huvibeba. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha na kuelezwa mwaka 1931, iliua watu Kenya, Somalia na Tanzania katika mlipuko wa 2006 na 2007, na kushika mnyama mgonjwa au kunywa maziwa yake mabichi kumetajwa miongoni mwa njia za hatari. Mwaka 2024 mafua ya ndege ya H5N1 yaliingia kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani. Kirusi kilijaa kwenye viwele kiasi kwamba paka wa mashambani waliokunywa maziwa mabichi walikufa. Moto ulikimaliza. Chemsha.

Anayebaki ni njiti, yule aliyekosa akiba ya kondo. Machi 2019 hospitali ya wazazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya. Akina mama wenye maziwa ya ziada hupimwa na kuchangia, na maziwa hayo hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kiwango kinachoua VVU na sitomegalo. Moto huo huondoa sehemu ya IgA na sehemu kubwa ya lakitoferini. Tena wachangiaji wengi kwa kawaida ni mama wa watoto waliotimiza miezi, waliojifungua wiki au miezi kadhaa iliyopita, na maziwa yao yamekwishapungua protini hizo hata kabla hayajafika jikoni kwa benki. Ndiyo maana maziwa ya benki, hata yakiwa mengi kwenye friji, huwekwa nafasi ya pili, na muuguzi anamwendea kwanza mama wa njiti mwenyewe, kitandani, saa chache baada ya kujifungua, kumwonyesha namna ya kukamua kwa mkono mililita 2 au 3 atakazoweza kutoa siku hiyo.